Matuta yaliyonyauka kabla ya wakati: uchambuzi wa kisa cha hidrastisi iliyolimwa chini ya msitu

Kisa hiki kinahusu shamba dogo la hidrastisi lililopandwa chini ya miti kusini-mashariki mwa Ohio, Marekani, ambalo sehemu yake ya chini ilinyauka katikati ya majira ya joto ya mwaka wa tatu, ilhali sehemu ya juu, iliyopandwa msimu ule ule kwa vipando vya asili moja, iliendelea kustawi. Wenye shamba, mume na mke waliorithi msitu huo, waliuliza swali moja tu: je, mimea imekufa, au imelala kama ilivyo kawaida yake? Jibu la swali hilo ndilo lililoamua kama wangefukua matuta yao mara moja au wangesubiri hadi mwaka unaofuata, na kama kazi ya miaka mitatu ingeokolewa au ingeozea ardhini. Ninakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu chanzo cha hasara hakikuwa uzembe. Watu hawa walikuwa na bidii, nao waliufanyia mmea wa msituni yale yote ambayo mkulima hodari huyafanyia mazao ya kondeni.

Hidrastisi, ambayo jina lake la kisayansi ni Hydrastis canadensis na ambayo Wamarekani huiita goldenseal, ni mmea wa kudumu wenye shina fupi la sentimita 15 hadi 50, lililojaa vinyweleo. Huota kiasili katika misitu ya miti ipukutishayo majani ya mashariki mwa Amerika ya Kaskazini, kuanzia kusini mwa Ontario nchini Kanada hadi kaskazini mwa Georgia, na umeshamiri zaidi katika bonde la mto Ohio. Mmea uliokomaa huwa na majani mawili mapana, ua moja dogo lisilo na petali, na baadaye tunda jekundu linalofanana na rasiberi, lenye mbegu nyeusi zing'aazo. Thamani yake, hata hivyo, iko chini ya udongo, katika tunguu lenye vifundo na mizizi mingi myembamba, ambalo ukilivunja utaona manjano kali inayotia doa vidoleni. Rangi hiyo inatokana na berberini, lakini kemikali inayoitofautisha hidrastisi na mimea mingine yenye berberini ni hidrastini. Farmakopia ya Marekani, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa, inataka tunguu kavu liwe na hidrastini isiyopungua asilimia 2 na berberini isiyopungua asilimia 2.5, na mnunuzi makini hupima zote mbili, kwa kuwa mimea ya bei nafuu yenye berberini peke yake huchanganywa mara nyingi kwenye unga wa hidrastisi ili kuongeza uzito.

Kwa muda mrefu mmea huu ulichimbwa tu porini. Wenyeji wa asili wa bara hilo, wakiwamo Wacherokee, waliutumia kama dawa na rangi. Biashara ya dawa za mitishamba ya karne ya 19 iliuchimba kwa wingi kiasi kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa tayari inachapisha maelekezo ya kuulima. Mwaka 1997 uliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na tangu hapo matunguu yake hayasafirishwi nje ya nchi bila kibali. Kwa hiyo anayeulima anafanya jambo jema maradufu, kwani kila kilo itokayo katika shamba lake ni kilo ambayo si lazima ichimbwe porini. Hiyo ndiyo sababu inayonifanya nihuzunike ninapoona shamba la hidrastisi likifa kwa sababu ambayo ingeweza kuzuilika.

Msitu wenyewe uko kwenye mteremko unaotazama kaskazini-mashariki, na kwa hidrastisi hapo ni mahali pazuri, kwa maana jua kali la alasiri halifiki. Miti yake ni mchanganyiko wa miti ya maple, mialoni na miti mirefu ya Liriodendron tulipifera, ambayo mizizi yake huenda chini na majani yake huoza haraka na kuwa mboji laini. Kivuli kilikadiriwa kuwa kati ya asilimia 70 na 75, ndani kabisa ya kiwango cha asilimia 60 hadi 80 kinachopendekezwa. Chini ya miti hiyo, hata kabla ya shamba kuanzishwa, kulikuwa na mimea ya trilia na sanguinaria, nayo kwa mtu aliyezoea misitu ile ni ushahidi kwamba hidrastisi itapapenda. Kipimo cha udongo kilionyesha pH (kiwango cha uchachu) inayofaa, yaani kati ya 5.5 na 6.5, katika sehemu zote mbili. Ninataja haya mapema ili msomaji asitafute chanzo cha tatizo mahali ambapo hakipo.

Sehemu ya juu ilikuwa na udongo mwembamba kidogo, wenye mawe na mizizi ya miti, kwa hiyo haikuwezekana kutengeneza matuta. Wenye shamba waliondoa majani makavu kwa reki, wakachimba vishimo, wakaweka vipando kwa nafasi ya karibu sentimita 30, kisha wakarudisha majani yale yale juu yake. Waliiona sehemu hii kama ya ziada. Matumaini yao yalikuwa chini, mteremko unapokaribia kuwa tambarare, ambako udongo ni mweusi, wenye kina na laini kiasi cha kuingiza mkono bila jembe. Hapo walitengeneza matuta yenye upana wa mita moja na ushee, wakapanda kwa nafasi ya sentimita 15 kati ya kipando na kipando, na kufunika kwa udongo wa sentimita 5 na matandazo ya majani juu yake. Nafasi hiyo ya sentimita 15 si kosa kwa yenyewe. Ndiyo inayotajwa katika maelekezo mengi ya kulima hidrastisi kwa matuta. Vipando vilikuwa vipande vya tunguu vyenye urefu wa sentimita moja na nusu au zaidi, kila kimoja kikiwa na angalau chipukizi moja na mizizi yake, na vilipandwa katika majira ya mapukutiko, kama inavyotakiwa.

Mwaka wa kwanza matuta ya chini yaliota vizuri kuliko sehemu ya juu. Mwaka wa pili majani yake yalikuwa makubwa kiasi kwamba yaligusana na kufunika tuta zima, na mwenye shamba, akiwa na furaha, aliongeza samadi ya kuku katika majira ya machipuo na kuzidisha matandazo hadi unene wa zaidi ya sentimita 10 ili kuzuia magugu. Mwaka wa tatu ulikuwa na mvua nyingi mwanzoni mwa majira ya joto. Kufikia Julai madoa ya kahawia yalionekana kwenye majani, na kabla ya katikati ya Agosti matuta mawili kati ya matatu yalikuwa wazi, mashina yamelala chini kama yaliyokatwa.

Hapa ndipo penye ugumu wa utambuzi. Hidrastisi hulala yenyewe kila mwaka. Baada ya tunda kuiva mwezi Julai, majani huanza kugeuka manjano, na kufikia mwishoni mwa majira ya joto au mwanzoni mwa mapukutiko sehemu ya juu hufa yote huku tunguu likibaki hai ardhini na chipukizi la mwaka unaofuata likiwa tayari limeshaundwa. Ukame unaweza kuharakisha usingizi huu kwa wiki kadhaa. Mke alikuwa amesoma hilo, na alishikilia kwamba mimea imelala. Kuna dalili, hata hivyo, zinazotenganisha usingizi na maradhi, na zote zilipatikana kabla jembe halijagusa ardhi. Jani linalolala hugeuka manjano lote kwa pamoja, na shina husimama kwa muda kabla ya kuanguka. Haya yalianza kwa madoa yenye majimaji kwenye kingo, yakaenea pale jani moja lilipogusa lingine, na mashina yalilainika pale yanapotokea ardhini. Asubuhi baada ya mvua, majani yaliyolala juu ya matandazo yalikuwa na utando wa kijivu wenye unga, dalili ya kawaida ya kuvu wa jenasi ya Botrytis. Tena, usingizi wa kawaida ungezikumba sehemu zote mbili kwa wakati unaokaribiana, wala usingefuata mstari wa mahali ambapo mteremko unakatika. Mpaka wa kunyauka ulifuata mkondo wa maji.

Tulichimba kwanza pembeni mwa tuta, kisha katikati. Matunguu ya pembeni yalikuwa magumu, mizizi yake imeshikana na udongo, na yalipovunjwa yalitoa sauti na kuonyesha manjano safi hadi kwenye ganda. Ya katikati yalikuwa na mizizi michache, mingi ikiwa imegeuka myeusi na ganda lake likichubuka kwa kidole na kuacha uzi mwembamba. Tunguu lenyewe lilikuwa na pete ya kahawia iliyokuwa ikiingia ndani kutoka upande wa chini, na baadhi yalikuwa yamebaki ganda tupu lenye ute. Kati ya hali hizi mbili kulikuwa na kundi la tatu, ambalo ndilo lililohitaji uamuzi: matunguu ambayo nusu yake ilikuwa nzima na chipukizi lake jeupe, lenye ncha, lilikuwa hai. Sampuli zilipelekwa maabara ya magonjwa ya mimea, na majibu yalitaja kuvu wa Rhizoctonia na Fusarium mizizini pamoja na Botrytis majanini. Minyoo fundo, ambao nao hushambulia mizizi ya hidrastisi, hawakuonekana. Kipimo cha maabara ni cha lazima katika hali kama hii, kwa sababu macho pekee hayawezi kumtofautisha kuvu mmoja wa kuozesha mizizi na mwingine.

Kuvu hao wako karibu katika kila udongo wa msitu, kwa hiyo kuwataja kwa majina hakuelezi kwa nini waliua matuta ya chini na kuacha mimea ya juu. Jibu liko katika mambo manne yaliyokutana mahali pamoja. La kwanza na kubwa kuliko yote ni maji. Ule udongo mweusi wenye kina uliowavutia wenye shamba ulikuwa umefika hapo kwa kusombwa na maji ya mteremko kwa miaka mingi, na maji bado yalikuwa yanapita njia hiyo hiyo. Tulipochimba shimo la kina cha jembe na kulijaza maji, la juu lilikauka upesi, ilhali la chini lilibaki na maji hadi siku iliyofuata. Hidrastisi hupenda udongo wenye unyevu, lakini haivumilii udongo ambao vitundu vyake vyote vya hewa vimejaa maji, kwa kuwa mizizi hukosa hewa, huanza kufa kwenye ncha, na ncha iliyokufa ndiyo mlango wa kuvu. Matuta yangeweza kusaidia kama yangeinuliwa vya kutosha. Haya yalikuwa yameinuliwa kidogo tu, na kwa kuwa yalipangwa kukingama mteremko bila mfereji wa juu, kila tuta lilikuwa linazuia maji na kuyatuliza kwenye mizizi yake.

Jambo la pili ni msongamano. Porini, hidrastisi huota kwa makundi, na mashina ya kundi moja mara nyingi yameunganishwa na tunguu moja chini ya udongo, lakini kati ya kundi na kundi kuna nafasi na mimea ya aina nyingine. Katika tuta lenye vipando kila sentimita 15, kufikia mwaka wa pili au wa tatu majani yanakuwa paa moja lisilo na upenyo, na hewa ya chini yake haiondoki. Unyevu wa umande unaobaki hapo hadi mchana unatosha kuotesha mbegu za kuvu. Nafasi hiyo finyu inaweza kufaa mahali penye mteremko na upepo mwanana; katika bonde lenye hewa tulivu inageuka kuwa hatari. Hili ni la kuamuliwa na mahali penyewe, na kanuni ya vipimo peke yake haitoshi.

Samadi ya kuku, kwa maoni yangu, ndiyo iliyogeuza hali mbaya kuwa msiba. Ina naitrojeni nyingi, nayo huchochea majani makubwa na laini yenye ngozi nyembamba. Mmea uliozoea kupata chakula chake polepole kutoka kwa mboji ya majani hauna matumizi ya chakula kingi kwa ghafla, na ustawi uliowafurahisha wenye shamba mwaka wa pili ulikuwa ni wa majani, tena majani dhaifu. Tulipolinganisha matunguu ya pembeni mwa matuta na yale ya sehemu ya juu, ya juu yalikuwa madogo kidogo lakini mazito kwa ukubwa wake na yenye mizizi mingi zaidi. Matandazo mazito yalikamilisha kazi: yalizuia udongo kukauka, na pia yakawapa koa makazi mazuri. Alama za kulika zilionekana kwenye mashina mengi, na kila jeraha kama hilo ni njia ya kuvu kuingia. Kiasi kinachofaa ni sentimita 5 hadi 8 katika majira ya kukua. Matandazo ya ziada yanayowekwa kukinga baridi hupunguzwa kabla machipukizi hayajatokeza.

Sehemu ya juu isichukuliwe kuwa haikuwa na matatizo. Baadhi ya vipando havikuota kabisa, fuko walipitisha njia zao chini ya vingine na kuacha mizizi ikining'inia hewani, na miamba ilifanya baadhi ya matunguu kukua yakiwa yamepinda vibaya, jambo linaloongeza kazi ya kuosha. Ukuaji wake ulikuwa wa polepole. Lakini ugonjwa wa majani ulipotokea huko, uliishia kwenye mmea mmoja au miwili, kwa sababu jani halikuwa na jani la jirani la kugusa.

Uamuzi uliochukuliwa ulikuwa kufukua matuta yote matatu mwezi Oktoba, mimea ya juu na ya chini ikiwa imelala. Kusubiri mwaka mwingine kusingekuwa na faida, kwani maji yangerudi na majira ya machipuo. Majani na mashina yaliyougua yalikuwa yameshaondolewa tangu Agosti na kutolewa nje ya msitu. Matunguu yalioshwa kwa maji yanayotiririka, si kwenye beseni, ili yenye ugonjwa yasiyaambukize mengine. Mazima yalikatwa vipande na kupandwa upya, ya kundi la tatu yalikatwa hadi kufikia manjano safi, kisu kikifutwa kwa spiriti baada ya kila mkato, kisha yakapandwa mbali na mengine ili yafuatiliwe, yaliyooza yaliharibiwa. Mume alitaka kuyakausha na kuyauza yale yaliyooza nusu ili kufidia gharama, na wazo hilo lilikataliwa kwa haki, maana tunguu lenye kuvu si dawa, na shehena moja mbovu inaweza kumfungia mkulima mlango wa mnunuzi. Dawa za kuua kuvu hazikutumiwa. Zilizosajiliwa kwa zao hili ni chache, wanunuzi wengi wanataka bidhaa isiyonyunyiziwa, na dawa haiwezi kulihamisha bwawa la maji lililo chini ya mizizi.

Mahali papya palikuwa kwenye ule ule mteremko wa juu, upande ambao haukuwa umepandwa, kwa nafasi ya sentimita 30 na bila samadi. Matuta ya zamani hayatapandwa hidrastisi tena kwa miaka kadhaa, na wala hayatapandwa jinsengi, mmea mwingine wa dawa wa msituni, ambayo nayo huathiriwa na baadhi ya kuvu wa aina hiyo hiyo.

Matunda ya sehemu ya juu yalitoa nafasi ya kuongeza mimea bila kununua vipando. Mbegu ya hidrastisi haivumilii kukauka, na wengi huipoteza kwa kuianika juani kama mahindi. Matunda huchumwa yakiwa mekundu kabisa, hupondwa na kulowekwa kwenye maji yanayobadilishwa mara kwa mara hadi nyama itoke, na mbegu zinazozama ndizo zinazofaa. Hizo hupandwa mara moja kwenye kitalu chenye kivuli au huhifadhiwa kwenye mchanga wenye unyevu. Uotaji wake hauna mpangilio: baadhi huota machipuo yanayofuata, nyingine huchelewa mwaka mzima zaidi, na mche wa mwaka wa kwanza mara nyingi huonyesha majani yake ya mbegu tu. Kutoka mbegu hadi mavuno ni miaka mitano hadi saba, ikilinganishwa na mitatu hadi mitano kwa vipande vya tunguu. Ni njia ya polepole, lakini haichukui kitu kutoka porini.

Swali lililobaki lilikuwa lini kuvuna mimea ya juu iliyosalimika. Kwa umri ilikuwa imefika mwaka wa tatu, na bei ya wakati huo ilivutia. Tulifukua michache kama sampuli na kuipima. Tunguu kavu hubaki na takriban asilimia 30 tu ya uzito wa lile bichi, kwa hiyo kilo 10 zilizooshwa hutoa karibu kilo 3 za kuuza, na matunguu ya sampuli yalionyesha bado yanarefuka na kutoa machipukizi mapya pembeni. Kuvuna mapema kungekuwa kuuza vipando vya kesho kwa bei ya leo. Mimea ikaachwa hadi mwaka wa tano, kwa sharti kwamba sampuli ndogo itachimbwa kila Oktoba, kwani matunguu yakizeeka na kusongamana sehemu yake ya zamani huanza kuoza yenyewe, na hapo kusubiri zaidi ni hasara.

Wakati huo huo waliandaa kumbukumbu ambazo hawakuwa nazo mwanzoni: risiti za vipando, ramani ya kila sehemu, mwaka wa kupanda na picha za kila msimu. Bila hizo, tunguu lililolimwa halitofautiani na lililochimbwa porini, na atakayeomba kibali cha CITES cha kulisafirisha nje atakosa cha kuonyesha. Chumba cha kukaushia, chenye rafu za wavu na feni, kitajengwa kabla ya mavuno, ili matunguu yakaushwe polepole hadi yavunjike kwa mlio bila kupinda. Kwa sasa kazi iliyobaki kwenye bonde ni kuchimba mfereji juu ya matuta ya zamani na kuangalia, machipuo yajayo, kama shimo la majaribio litakauka upesi.